Kazi ya "mteja wa siri" imenifikia WhatsApp: ni mchongo kweli au naingizwa mjini?

SWALI: Shikamoo. Niko Kihesa, Iringa. Nilimaliza chuo mwaka jana na kwa sasa namsaidia shangazi kwenye steshenari yake. Rafiki yangu wa chuo ameniunganisha na kazi ya "mteja wa siri": unaingia dukani kama mteja wa kawaida, unakagua huduma, unaandika ripoti, unalipwa 45,000 kwa kila duka, na kazi zipo kila siku. Mwajiri ni kampuni ya utafiti ya nje, ina tovuti nzuri. Wameniunga kwenye kundi la Telegram la watu zaidi ya mia mbili ambao kila siku wanaweka picha za miamala yao. Nilianza na kazi ndogo za kuzipa hoteli nyota kwenye ramani ya Google, nikalipwa 6,000 mara mbili, na ziliingia kweli. Sasa nimepewa kazi kubwa ya kwanza: nikague huduma ya wakala wa pesa kwa kutuma 150,000 kwenye namba waliyonipa, niandike nilivyohudumiwa, halafu nirudishiwe pamoja na ujira, jumla 215,000. Picha ya kitambulisho cha NIDA na selfi nimeshawatumia. Rafiki yangu anasema yeye ameshalipwa. Nitume?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usitume. Kama hela umeshaiweka kwenye simu, itoe au uirudishe benki kwanza, halafu ndiyo usome yanayofuata.

Nimefanya kazi za utafiti wa masoko huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mafinga mpaka Tunduma, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuwasimamia wateja wa siri. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo wengi wanaokushauri watalikosea: kazi hii ipo. Benki, vituo vya mafuta, kampuni za simu na maduka makubwa huziajiri kampuni za utafiti ili zipeleke watu wasiojulikana wakaone kinachotokea bosi akiwa hayupo. Ukimwambia mtu kwamba kazi ya namna hiyo haipo duniani, atatafuta mtandaoni dakika mbili, ataikuta, na kuanzia hapo hatakusikiliza tena. Matapeli wanalijua hilo. Ndiyo maana hawabuni kazi, wanaivaa iliyopo.

Kuna kitu kingine kinachowasaidia. Wote tumelelewa na kanuni moja: kazi ya kweli haikuombi hela. Ni kanuni nzuri, ila kwenye kazi hii ina tundu. Mteja wa siri wa kweli mara nyingine huanza kwa hela yake mwenyewe. Ananunua soda, anaweka mafuta kidogo, anakula chipsi kuku, kisha anarudishiwa. Tapeli anapitia kwenye tundu hilohilo. Anakwambia "utatanguliza, tutakurudishia," nawe ukienda kusoma habari za kazi hii unakuta kweli watu hutanguliza. Unatulia.

Basi usijiulize kama unatoa hela yako. Jiulize inakwenda kwa nani, na ikishaondoka mkononi unabaki na nini.

Chukua kituo cha mafuta pale Ipogolo, chini barabara kuu. Kabla mteja wa siri hajafika ameshapewa maelezo marefu na ameulizwa maswali ya kupima kama ameyaelewa. Fomu yake inauliza vitu vidogo vidogo. Mhudumu alikusalimia kabla hujasema unataka nini? Alikuonyesha kwamba pampu imeanza na sifuri? Alikuwa na sare na jina kifuani? Risiti ya EFD alikupa mwenyewe, au mpaka ulipoiomba? Uliingia saa ngapi, ukatoka saa ngapi? Choo kilikuwa na maji? Mtu anaweka mafuta ya elfu kumi, risiti anaitia mfukoni, anasogea mbali asipoonekana na kuijaza fomu kabla hajasahau. Ripoti inasomwa na msimamizi, na msimamizi anayeijua kazi yake atampigia kumhoji: umeandika kulikuwa na magari sita mbele yako, mbona risiti inaonyesha ulihudumiwa dakika mbili baada ya kuingia? Bila risiti harudishiwi hata shilingi. Ripoti ikikubaliwa, jina linaingia kwenye orodha ya malipo, na orodha hiyo ina tabia ya kuchelewa. Malalamiko niliyokuwa nayasikia kwa vijana yalikuwa ni ya kucheleweshewa. Sijawahi kukutana na aliyelalamika kwamba amelipwa haraka.

Hebu linganisha. Elfu kumi ya yule imekwenda kwenye kituo cha mafuta, mafuta yako kwenye tangi, risiti iko mfukoni. Hata kampuni ikimruka, hasara yake ni ndogo na pikipiki inatembea. 150,000 yako inakwenda kwenye namba ya mtu usiyemjua, unachobaki nacho ni meseji.

Na hiyo kazi yenyewe waliyokupa haina akili, ukiitazama kwa utulivu. Wakala wa pesa anakuhudumia wakati unaweka au unatoa. Hapo ndipo unaweza kuona kama amekusalimia, kama amekudai kitambulisho, kama amekwambia hana salio, kama amekutoza hela ya juu isiyokuwepo kwenye bango. Ukishatoka dirishani na kutuma kwa simu yako, wakala hayumo tena kwenye jambo hilo. Ni wewe, simu yako na mtandao. Kutuma kwenye "namba waliyonipa" hakumpimi wakala yeyote. Isitoshe, kama shida ni kumpima wakala, elfu tano ingetosha, na ungeiweka kwenye namba yako mwenyewe.

Wazo hilo hawakulitunga hapa kwetu. Marekani utapeli huu una miaka mingi, na serikali ya kule huwaonya watu kila mara. Kwao hutumika hundi. Mtu anapokea hundi kwa posta, tuseme ya dola elfu mbili, anaambiwa aiweke benki, achukue ujira wake, kiasi kinachobaki akitumie "kukagua" huduma ya kutuma pesa, au anunue kadi za zawadi na kupiga picha namba zake. Benki humruhusu kutoa hela ndani ya siku chache, kabla hundi haijathibitishwa kikamilifu. Baada ya wiki kadhaa inagundulika ni ya bandia, benki inamdai yeye, na aliyepokea zile hela hayupo. Kwetu hundi si mazoea ya watu wa kawaida, basi chambo kimebadilishwa. Badala ya hundi unapewa buku sita za kweli.

Tuziongelee hizo buku sita, maana ndizo zilizokulainisha. Fungua zile meseji mbili za muamala usome tena jina la mtumaji. Sitashangaa ukikuta majina mawili tofauti ya watu binafsi, hakuna lolote la kampuni. Hela hiyo inaweza kuwa ni ya mhanga mwingine, aliyetumiwa namba yako na kuambiwa ndiyo ya "mhasibu". Wewe ulipokea, ukafurahi, ukawa ushahidi kwamba kampuni inalipa. Na ukiwatumia ile 150,000, usishangae wakikurudishia kweli 215,000. Wapo wanaorudisha raundi ya kwanza kubwa, kwa sababu wanachokiwinda ni raundi inayofuata, ya laki sita au milioni, ambayo utaikopa kwenye kikoba. Hapo ndipo visingizio vinaanza: umekosea kuandika kumbukumbu, akaunti imefungwa, ongeza kiasi ifunguliwe, umefungua, bado kuna kodi ya TRA, lipa kwanza ndipo utoe. Kwa taarifa yako, malipo ya serikali yanakwenda kwa kontrol namba, hayaendi kwa namba ya simu ya mtu, na kodi ya zuio hukatwa na anayekulipa kabla hela haijakufikia. Hakuna kodi ya kutanguliza ili uchukue mshahara wako.

Kuna hatari nyingine ambayo vijana wengi hawaioni. Ukiwa mtiifu, wiki ijayo watakwambia utapokea 300,000 kwenye simu yako, ubaki na elfu thelathini, inayobaki uitume mbele. Utaona umepandishwa cheo. Kumbe umegeuzwa njia ya kupitishia hela za wizi, na laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole chako. Aliyeibiwa akienda polisi, jina linalotokea kwenye muamala wake ni lako. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006, na hilo la "nilidhani ni ajira" utakuwa unalisemea kituo cha polisi.

Sasa hilo kundi la Telegram. Nilicheka kidogo, samahani. Kundi la wateja wa siri mia mbili na ushee, wanaojuana majina na kuonyeshana miamala! Siri yote ya kazi hii ni kwamba mtu asijulikane, wala asijue nani mwingine ametumwa wapi. Msimamizi mwenye akili hawezi kuwaweka watu wake chumba kimoja wapige soga, kwa sababu wataambizana majibu ya fomu. Wengi mle ndani ni akaunti za haohao matapeli, na wengine ni watu kama wewe. Ukitaka kujua, mwandikie mmojawapo faraghani umuulize yuko mtaa gani na ulizia kitu cha kawaida cha hapo Iringa, kwa mfano daladala za kwake zinapakilia wapi. Au usimuulize, muda wako una thamani.

"Kazi kila siku" nayo haipo. Mteja wa siri akirudi duka lilelile Jumatatu, Jumanne na Jumatano atajulikana. Tawi moja linaweza kutembelewa mara moja au mbili kwa mwezi, pengine kwa robo mwaka, na safari inayofuata inapelekwa sura nyingine. Hesabu matawi ya benki, vituo vya mafuta na maduka makubwa ya hapo mjini, kisha jiulize ni mangapi yana bajeti ya kujichunguza. Hata Mbeya, pamoja na Mwanjelwa na Kabwe yake, haiwezi kumpa mtu mmoja ziara ya kila siku mwaka mzima. Mradi unakuja, watu wanakimbizana siku chache, unaisha, mnakaa kusubiri. Ni hela ya nyongeza, ya vocha na nauli. Anayekuuzia kama ajira kamili hajawahi kuifanya.

Kuhusu tovuti nzuri: huwa wanaiba jina na nembo ya kampuni iliyopo kweli, kwa hiyo kuikuta kampuni mtandaoni hakukusaidii. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kama huyo anayechati na wewe anatoka huko. Tafuta mwenyewe simu au barua pepe ya kampuni, usitumie waliyokupa wao, uwaulize kama wana mradi Iringa na nani anausimamia. Soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Mara nyingi kuna kistari kilichoongezwa au mwisho uliobadilishwa. Kampuni iliyosajiliwa Tanzania inaonekana BRELA. Kwa kampuni za nje, kuna chama cha kimataifa cha kampuni za wateja wa siri, MSPA, ambacho huorodhesha wanachama wake. Mimi hutumia pia swali moja la mtego: msimamizi wenu wa Nyanda za Juu Kusini ni nani na anapatikana wapi? Kampuni halisi ina mtu, hata kama yuko Dar na anakuja kwa basi. Tapeli atakurudisha kwenye "kazi yako ya leo bado dakika ishirini." Haraka hiyo ni sehemu ya kazi yao, fomu ya kweli haifi kwa dakika ishirini.

Kitambulisho ulichotuma kinanisumbua kuliko ile 150,000, kwa sababu hela bado unayo. Picha ya NIDA peke yake haitoshi kusajili laini mpya, maana tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019 lazima kidole chako kiwepo. Lakini piga *106# leo, uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi za mtandao husika waifute. (Hili lifanye hata kama usingetapeliwa. Wako wasajili wa laini mtaani wanaokwambia "alama haijasoma, weka tena," na kumbe kidole cha pili kimesajili laini ya mtu mwingine.) Picha na selfi zinaweza kutumika pia kuombea mikopo ya mtandaoni kwa jina lako. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na zile zilizo nje ya utaratibu ndizo zisizojali aliyeomba ni nani. Ukianza kupigiwa kudaiwa mkopo usioujua, usilipe hata kidogo "ili waache". Chukua RB polisi, na unaweza kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Namba ya siri ya simu, au zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa meseji, hukuzitaja kwenye swali lako. Natumaini hujawapa. Kama umewapa, badilisha namba ya siri sasa hivi na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp.

Namba walizokupa za kupokelea hela, ziripoti. Meseji ya kitapeli unaituma kwenda 15040, unajibiwa uandike namba iliyokutumia, unaiandika. Ni bure. Ni namba ileile ya kuwaripotia wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao naona wanaelekea kustaafu kwa kuwa kazi hii ya kuajiri vijana inalipa zaidi. Kabla hujatoka kwenye kundi, piga picha za skrini: namba, majina, maelekezo ya kazi, jina lililotokea kwenye miamala. Ukitoka kwanza, wanaweza kufuta mazungumzo yote na ubaki na hadithi tu. Usiwaage wala usiwatukane, ondoka.

Nakuwekea na hili kwa ajili ya wengine watakaosoma, walioshatuma. Piga 100 ya mtandao wako papo hapo, toa namba ya muamala, omba uzuiwe. Inasaidia pale tu hela haijatolewa, kwa hiyo dakika zina maana, ukianza kubembelezana nao WhatsApp umechelewa. Kisha polisi ukachukue RB. Na akitokea mtu mtandaoni anayejiita mtaalamu wa kurudisha hela zilizoibiwa, anayetaka ada kidogo kwanza, huyo ni wa familia ileile.

Kama kazi yenyewe umeipenda, usiiache. Kampuni za utafiti huwatafuta wadadisi wa muda zinapopata miradi huku kwetu. Peleka wasifu wako moja kwa moja kwao, taja kwamba uko Iringa na unaweza kufika Mafinga na Makambako kwa nauli ya kawaida, maana ugumu wao ni kupata watu nje ya Dar. Wengi huanza na dodoso za nyumba kwa nyumba ndipo wanaaminiwa na kazi za siri. Uandishi wako, kwa nilivyousoma, unatosha kabisa. Mteja wa siri mzuri ni yule anayeandika alichokiona bila kukitia chumvi.

Limebaki la rafiki yako. Watu wa umri wangu tunaikumbuka DECI ya mwaka 2009, ule upatu wa kupanda na kuvuna hela, jinsi waliovuna mwanzoni walivyokuwa wahubiri wake wazuri kuliko waliotumwa, na walikuwa wanasema kweli: walikuwa wamelipwa. Rafiki yako huenda hakudanganyi hata neno moja. Inawezekana pia amewekewa kamisheni ya kila anayemleta, bila yeye kuona ubaya. Usimwite tapeli. Mwombe ajaribu kutoa salio lake lote leo, lote, si sehemu. Wakimwambia aongeze kwanza ndipo atoe, nyote wawili mtakuwa mmeshaona. Na kama naye alituma kitambulisho, aanze na hiyo *106#.